Maswali ya Wasomaji: Je, "Cha Mchina" Bado ni Tusi?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu kampuni za simu za China, na ndani yake mwandishi wetu aliandika, kama mtu anayepita njia, kwamba ubora wa bidhaa za nchi hiyo "umepanda sana". Maneno hayo mawili yametuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua saba na kuzifupisha bila kugeuza maana yake; zile zilizokuwa na matusi mengi kuliko hoja nimeziacha zipumzike.

*Ndugu Mhariri, nimetengeneza redio na televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa mwanagenzi, fundi aliyenifunza alinisimulia kwamba enzi za ujana wake bidhaa za Japani zilikuwa kichekesho. Nilipoanza kujitegemea, Mjapani alikuwa mfalme na Mchina ndiye kichekesho. Leo wajukuu wangu wananunua cha Mchina bila hata kuuliza. Je, bidhaa zimebadilika kweli, au ni masikio yetu tu yaliyozoea? – Fundi mstaafu*

Shikamoo, Mzee wangu. Bidhaa zimebadilika na masikio yamebadilika, ila havikubadilika kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye utamu wa swali lako. Bidhaa hutangulia, sifa huifuata nyuma ikichechemea, wakati mwingine kwa miaka kumi au ishirini, hivyo anayehukumu kwa sifa peke yake huenda anakihukumu kiwanda ambacho kilishavunjwa zamani.

Aliyekufunza hakukudanganya, na hata kabla ya Japani kulikuwa na Ujerumani. Mwaka 1876 mhandisi wa Kijerumani Franz Reuleaux alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, akiwa miongoni mwa waamuzi, akawaandikia wananchi wenzake kwamba bidhaa zao ni "rahisi na mbovu". Waingereza nao walilalamika kwamba visu vya Solingen, mji wa Ujerumani, vilikuwa vikigongwa jina la Sheffield, mji wao wa visu, ili viuzike, na mwaka 1887 wakapitisha sheria ya alama za bidhaa iliyotaka mahali bidhaa ilikotoka paandikwe. Kwa hiyo lebo ya "imetengenezwa Ujerumani", ambayo leo watu huilipia fedha za ziada, ilizaliwa kama onyo kwa mnunuzi. Japani ilipitia njia hiyohiyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1950 umoja wa wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo ulimwalika Mmarekani W. Edwards Deming awafundishe kudhibiti ubora kwa takwimu, na mwaka uliofuata ukaanzisha tuzo yenye jina lake. Hata hivyo Toyota ilipoanza kuuza gari lake la Toyopet Crown huko Marekani mwaka 1958, gari hilo lilishindwa kuhimili mwendo wa barabara kuu na likaondolewa sokoni muda si mrefu. Baada ya hapo ikawa zamu ya Korea Kusini, ambayo sitaieleza kwa kirefu kwa sababu hadithi ni ileile, magari badala ya visu.

China yenyewe ilianza kujicheka kabla ya kuchekwa na wengine. Tarehe 8 Agosti 1987, katika uwanja wa Wulin mjini Hangzhou, jozi zaidi ya 5,000 za viatu zilirundikwa na kuchomwa moto hadharani. Vilikuwa viatu vya Wenzhou, mji wa mkoa huohuo, ambavyo soli zake zilikuwa na makaratasi ndani, na Wachina walikuwa wakiviita "viatu vya wiki moja" kwa sababu zilizo wazi. Miaka miwili kabla ya moto huo, mjini Qingdao, meneja mpya wa kiwanda cha majokofu, Zhang Ruimin, alipata malalamiko ya mteja, akaamuru ghala likaguliwe, akakuta majokofu 76 yenye kasoro. Katika siku hizo jokofu moja lilikuwa na thamani ya mishahara ya mfanyakazi ya miaka kama miwili, na wafanyakazi waliomba wauziwe hayo mabovu kwa bei ya chini. Alikataa. Aliwapa nyundo waliohusika kuyaunda, wakayavunja wenyewe moja baada ya jingine. Kiwanda hicho leo kinaitwa Haier, na mwaka 2016 kilinunua kitengo cha vifaa vya nyumbani cha General Electric ya Marekani.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1999, pale mjini Hangzhou tena, ambapo mwenye kiwanda kimoja cha viatu cha Wenzhou aliwasha moto wa pili. Safari hii vilivyoungua ni viatu bandia vilivyoiga viatu vya Wenzhou. Katika miaka kumi na miwili tu, watu wa mji ule walikuwa wametoka kwenye kuiba majina ya wengine wakafikia kuwa na jina linalostahili kuibwa. Ukiniuliza ni lini mambo yalianza kugeuka, nitakuonyesha moshi ule kabla ya takwimu yoyote.

Na kwa kuwa umeniruhusu kuzungumza mambo ya zamani: miaka mia tatu iliyopita aliyekuwa akiiga ni Mzungu. Vyombo vya kauri vya Jingdezhen, mji wa China, vilikuwa anasa ya wafalme wa Ulaya, kiwanda cha Meissen huko Ujerumani kilifunguliwa mwaka 1710 ili kutengeneza vinavyofanana navyo, na mwaka 1712 padri mmoja Mfaransa aliyeishi Jingdezhen, d'Entrecolles, aliandika barua ndefu yenye kueleza udongo gani unatumika na tanuri linawashwaje. Siku hizi tungeuita ujasusi wa viwanda.

*Mhariri, mimi ni muuzaji wa vifaa vya umeme. Wateja wangu wanaamini kwamba viwanda vya China vina madaraja: daraja la kwanza linapelekwa kwa matajiri, la pili kwa wa kati, la tatu kwa sisi wengine. Nami nimekuwa nikiitikia tu ili biashara iendelee. Kuna ukweli wowote? – Muuzaji wa rejareja*

Ndugu muuzaji, ukweli upo, ila wateja wako wameushika mkiani. Hakuna ofisi China inayokaa na kugawa bidhaa kwa madaraja ya walimwengu. Kilichopo ni oda. Mnunuzi wa jumla anafika kiwandani, au anaandika kwa simu, na anasema anataka waya wa unene fulani, plastiki ya aina fulani na bei isiyozidi kiasi fulani, na kiwanda kinatengeneza kile kilichoagizwa. Akija mwingine akitaka umbo lilelile kwa nusu ya bei, kiwanda hakimfukuzi. Kinapunguza shaba kwenye waya, kinachanganya plastiki iliyosagwa upya, kinaondoa fyuzi. Kwa hiyo daraja la tatu lipo kweli, lakini mara nyingi aliyeliomba ni mwagizaji wa kwenu, tena akijua.

Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho, basi mwezi uliopita niliweka chaja mbili za simu mezani na kuzifungua kwa bisibisi na kisu. Zote zilikuwa nyeupe, zote zimeandikwa kwamba zimetengenezwa China, na zote zina jina lilelile la kampuni kubwa ya simu. Moja ilikuja ndani ya boksi la simu, nyingine niliinunua peke yake kwa bei iliyopaswa kunishtua. Kabla hata ya kuzifungua, ya pili ilikuwa nyepesi mkononi kama kiberiti kitupu. Ndani ya ile ya kwanza, vipuri vimebanana kama abiria wa basi la asubuhi: transfoma imezungushiwa matabaka ya utepe wa manjano, upande wa bodi wenye umeme mkali umetengwa na upande unaokwenda kwenye simu kwa mwanya wa milimita kadhaa ulio wazi kabisa, na fyuzi imevishwa ala yake. Ndani ya ile ya pili kulikuwa na nafasi ya kutosha kufuga mende. Utepe ulikuwa tabaka moja, fyuzi haikuwepo, na mahali fulani njia ya umeme wa ukutani ilipita umbali wa unene wa ukucha kutoka kwenye njia inayofika mkononi mwa mtumiaji. Nchi moja, pengine hata mkoa mmoja, na kati ya hizo mbili ipo tofauti ya uhai na kifo.

Utaniuliza kwa nini iwe hivyo. Ya kwanza iliagizwa na kampuni yenye wakaguzi wanaolala kiwandani, ambayo ikipatikana na kosa italazimika kurudisha mamilioni ya chaja na kusemwa vibaya dunia nzima. Ya pili haina mwenyewe. Ikimuua mtu, hakuna wa kuulizwa.

Kuna pia ujanja mwingine ambao wewe kama mfanyabiashara unapaswa kuuchunga, nao ni ubora unaofifia taratibu. Sampuli inakuja nzuri, shehena ya kwanza inakuja nzuri, na ya pili vilevile. Kwenye ya nne ukuta wa chupa umepungua unene kidogo, kwenye ya sita kifuniko kimebadilishwa, na kila badiliko ni dogo kiasi kwamba hakuna anayelalamika hadi siku chupa zinapopasuka ghalani. Wanaofanya hivyo kwa kawaida ni viwanda vidogo vilivyokubali bei isiyo na faida ili wapate oda, kisha wakaitafuta faida hiyo kimyakimya ndani ya bidhaa. Dawa yake inajulikana, ni kukagua kila shehena na si ya kwanza tu, ila inagharimu, na mwagizaji aliyekwenda China kwa sababu ya bei huwa ndiye wa mwisho kukubali gharama hiyo.

*Nimesoma mtandaoni kwamba msimbopau ukianza na 690 mpaka 699 basi bidhaa ni ya China, na kwamba alama ya CE yenye herufi zilizokaribiana maana yake ni "China Export". Ni kweli? – Mwanafunzi*

Yote mawili si kweli, ingawa yanasambazwa na watu wenye nia njema. Tarakimu za mwanzo za msimbopau zinaonyesha ni tawi gani la shirika linaloratibu namba hizo lililoisajili kampuni, wala hazionyeshi kiwanda kilipo. Kampuni ya Ulaya inayotengenezea Shenzhen inaweza kabisa kutumia namba ya Ulaya. Nayo CE ni alama ambayo mtengenezaji huiweka kudai kwamba bidhaa yake inatimiza kanuni za Umoja wa Ulaya. Alama ya "China Export" haijawahi kuwepo: Kamisheni ya Ulaya ilipoulizwa bungeni mwaka 2008 ilijibu kwamba haiitambui alama ya namna hiyo. Herufi za CE zilizokaribiana kupita kiasi ni CE iliyochorwa vibaya, au iliyobandikwa na mtu asiyestahili, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuiacha bidhaa rafuni. Ukitaka kupima, alama halali hujengwa juu ya duara mbili: ukiuendeleza upinde wa C ukawa duara kamili, utaigusa E mgongoni. Alama ya lazima ya China yenyewe ni CCC, iliyoanza kutumika mwaka 2002.

*Mpendwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili. Nakubali kwamba simu zao ni nzuri. Lakini sijasahau habari za wanasesere wenye rangi ya sumu na maziwa yaliyoua watoto. Mtu anawezaje kusema mtazamo ubadilike wakati mambo hayo yalitokea juzi tu? – Mama asiyesahau*

Mama, usisahau, na wala sitakuomba usahau. Ila matukio hayo mawili hayafanani, na ni vyema tuyatenganishe.

La wanasesere ni la mwaka 2007, pale kampuni ya Mattel ya Marekani iliporudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea. Vipo ambavyo kweli vilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na hilo lilikuwa kosa la viwanda vya China na wauzaji wao wa rangi. Hata hivyo sehemu kubwa ya vilivyorudishwa ilikuwa na tatizo la sumaku ndogo zilizoweza kuchomoka na kumezwa, na sumaku hizo zilikuwa zimekaa vilevile kama zilivyochorwa na kampuni yenyewe. Septemba mwaka huohuo mkubwa mmoja wa Mattel alikwenda Beijing, akakaa mbele ya Li Changjiang, aliyekuwa mkuu wa idara ya China ya ukaguzi wa ubora, na kuomba radhi kwa lawama iliyozidi mpaka. Walimwengu wengi walisikia habari ya sumu. Ya radhi iliwafikia wachache.

La maziwa halina utetezi. Mwaka 2008 iligundulika kwamba maziwa ya watoto, yakiwemo ya kampuni kubwa ya Sanlu, yalikuwa yametiwa melamini. Ujanja ulikuwa hivi: maziwa yanaongezwa maji ili yawe mengi, kisha kwa kuwa kipimo cha protini kilichotumika kinapima naitrojeni tu, inatiwa kemikali yenye naitrojeni nyingi ili kipimo kidanganyike. Watoto karibu 300,000 waliathirika, wengi kwa mawe ya figo, na sita wakafariki. Watu wawili walihukumiwa kifo na kuuawa, na Li Changjiang, yuleyule aliyepokea radhi ya Mattel, alijiuzulu Septemba 2008, mwaka mmoja tu baadaye. Sijui mwandishi wa hadithi ambaye angethubutu kulipanga jambo hilo namna hiyo.

Waliopoteza imani zaidi kuliko wote ni wazazi wa China wenyewe. Walinunua maziwa ya kopo ya kigeni popote walipoyapata, hadi Hong Kong ikaishiwa, na kuanzia Machi 2013 serikali ya huko ikaweka sheria ya kumzuia mtu kutoka na zaidi ya makopo mawili. Mashaka hayo yalihamia hata kwenye vitu visivyohusiana na chakula: mwaka 2015 watalii wa Kichina waliokuwa wakifurika Japani kununua viti vya choo vya umeme walichekwa na magazeti ya kwao ilipojulikana kwamba baadhi ya viti hivyo vilitengenezwa Hangzhou. Kwa maneno mengine, waliruka bahari kwenda kununua kitu cha nyumbani kwao, kwa sababu kilikuwa kimekaguliwa na macho ya Mjapani.

Kwa hiyo ukiniuliza kwenye jambo la mtoto wako, nitasema tofauti na ninavyosema kwenye simu. Simu mbovu hujionyesha yenyewe ndani ya mwezi, na aliyeiuza hupoteza soko. Rangi yenye risasi na maziwa ya melamini havijionyeshi mpaka vimeshaumiza. Kwenye vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvipima kwa macho wala kwa matumizi, soko halisafishi kitu chochote. Maabara na sheria ndizo zinazosafisha, na hilo ni kweli kwa bidhaa ya nchi yoyote.

*Ninaendesha magari kwa kazi. Miaka ya nyuma tulikuwa tukitumiana video ya gari la Kichina lililokunjamana kama karatasi kwenye jaribio la kugonganisha. Sasa nasikia magari yao yanapata nyota tano. Nani amelipwa? – Dereva*

Ndugu dereva, video unayoikumbuka nadhani ni ya mwaka 2005, pale klabu ya magari ya Ujerumani, ADAC, ilipoligonganisha gari la Landwind, na usukani ukarudi nyuma kiasi kwamba dereva asingekuwa na matumaini ya kupona. Miaka 17 baadaye, mwaka 2022, BYD Atto 3 ilipata nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, na haikuwa peke yake mwaka huo kati ya magari ya China. Anayetoa nyota hizo haajiriwi na mtengenezaji, kwa hiyo mashaka yako juu ya malipo nayaweka pembeni.

Kilichotokea katikati ni shule ndefu, na yenye karo. Kwa miongo kadhaa China iliwalazimisha watengenezaji wa kigeni waliotaka kuunda magari nchini humo washirikiane na kampuni za wenyeji, na Volkswagen ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kukubali, huko Shanghai, tangu miaka ya 1980. Mwaka 2010 kampuni ya China ya Geely iliinunua Volvo kutoka Ford, pamoja na kila kitu ambacho Wasweden wanakijua kuhusu kugongana. Ikaja betri, na hapo mambo yakageuka kweli, kwa sababu injini ya mafuta ina miaka zaidi ya mia ya ujuzi wa Wajerumani na Wajapani ambao huwezi kuukimbilia, ilhali gari la umeme liliwakuta wote wakiwa kwenye mstari wa kuanzia. BYD yenyewe ilianza mwaka 1995 kama mtengenezaji wa betri, si wa magari. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa idadi ya magari yanayouzwa nje.

Nitakutahadharisha kwa jambo moja, kwa sababu wewe unakaa na gari muda mrefu kuliko mwandishi wa magazeti. Nyota tano hupimwa kwa gari jipya. Hazikuambii kufuli la mlango litakuwaje baada ya miaka kumi, wala kama bampa la modeli iliyodumu sokoni miaka miwili litapatikana. Ndani ya China kwenyewe kuna vita vya bei vilivyowabana wauza vipuri kiasi kwamba Juni 2025 watengenezaji wakubwa waliahidi hadharani kuwalipa ndani ya siku 60. Mtengenezaji wa breki asiyelipwa kwa miezi mingi atapunguza mahali fulani, na mimi nisingependa iwe kwenye breki. Binafsi naliangalia jambo hilo kwa wasiwasi kuliko video zote za zamani.

*Mbona unawatetea hivyo? – Hana jina*

Sijawatetea; soma jibu la maziwa tena. Na ukitaka aibu yao nyingine, ipo ya kalamu. China ilikuwa ikitengeneza kalamu za wino takriban bilioni 38 kwa mwaka, lakini ile ncha inayoshika kigololo ilitegemea chuma kutoka nje, hasa Japani, kwa sababu hakukuwa na kiwanda cha wenyeji kilichoweza kufua chuma laini na kigumu kwa kipimo hicho. Waziri Mkuu wa wakati huo, Li Keqiang, alilisema hadharani kwa uchungu, na ni mwanzoni mwa 2017 ndipo ilipotangazwa kwamba kampuni ya chuma ya Taiyuan imefaulu. Nchi ilikuwa imeshapeleka mtu angani miaka 14 kabla ya kuweza kutengeneza ncha ya kalamu yake. Hata leo ndege yao ya abiria ya C919, iliyoanza safari za biashara Mei 2023, inaruka kwa injini za ubia wa Wamarekani na Wafaransa.

*Nimenunua pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000, ni nyembamba na inaingia mfukoni. Simu inajaa mara moja na nusu tu, kisha inazima. Ni mbovu, au nimeibiwa? Na je, ni ya China? – Msafiri*

Umeibiwa, na ndiyo, kuna uwezekano mkubwa ni ya China, kama ilivyo ile bora ambayo ungeweza kuinunua badala yake. Huhitaji fundi kulijua hilo; unahitaji mizani ya jikoni. Betri moja ya duara ya lithiamu, zile zinazofanana na betri nene za tochi, ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na hubeba mAh 3,500 (hicho ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri inashika) ikiwa ni nzuri sana. Ili ufikishe 50,000 unahitaji betri 15, yaani karibu robo tatu ya kilo kabla ya ganda na bodi. Ipime yako. Ikiwa na gramu 200, hata ingekuwa imejaa betri nzuri sana za aina hiyo, isingevuka 15,000, na kwa namna unavyoieleza nadhani zimo mbili au tatu, pengine na mfuko wa mchanga au kipande cha chuma cha kuongeza uzito, jambo ambalo mafundi wameshalikuta mara nyingi.

Maandishi hayo yatakusumbua pia uwanja wa ndege, kwa sababu kikomo cha kawaida cha kubeba bila kibali ni saa-wati 100 (kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri), ambazo kwa betri ya volti 3.7 ni kama mAh 27,000. Ofisa atasoma lebo, hatapima uwongo wake. Na ukisafiri ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya CCC inayosomeka hairuhusiwi kuingia kwenye ndege hata iwe ndogo kiasi gani. Usiitupe kwenye takataka za kawaida. Ipeleke panapopokelewa betri zilizochoka, na kabla ya hapo usiilaze ikiwa kwenye umeme.